Idadi ya washarika inapanda kila mwaka: je, ni haki kuiita afya ya kiroho?

Mtoa mada

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Naleta mada hii nikiwa mzee wa kanisa ambaye kwa miaka kadhaa nimeshiriki kuandaa taarifa ya mwaka ya usharika. Wanaoifahamu kazi hiyo wanajua ilivyo: kuna safu ya waliobatizwa, ya waliopata kipaimara, ya ndoa zilizofungwa, ya waliorudi kundini, ya waliohamia na waliohama, kisha yanafuata matoleo na ujenzi. Taarifa inaposomwa mkutanoni, namba zikiwa juu kuliko za mwaka uliotangulia watu hupiga makofi na mchungaji husifiwa. Zikiwa chini, maswali huanza. Sijawahi kuona mkutano ambao, baada ya namba kupanda, mtu alisimama akauliza kama katika mwaka huo tumepatana na majirani zetu au tumeacha rushwa makazini. Hoja yangu ni kwamba idadi ni habari ya kweli na yenye thamani, lakini tumeibebesha mzigo usio wake kwa kuitaka itoe hukumu juu ya hali ya roho zetu.

Nianze na hesabu yenyewe, kwa sababu hata kabla ya kufika kwenye mambo ya kiroho, hesabu zetu husomwa vibaya. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 44,928,923 hapa Tanzania, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta 61,741,120, yaani ongezeko la zaidi ya asilimia 37 kwa miaka kumi. Usharika uliokuwa na watu 1,000 mwaka 2012 ulipaswa kufikisha watu wapatao 1,374 mwaka 2022 ili uende sambamba tu na ongezeko la watu nchini, bila kumfikishia Injili hata mtu mmoja wa nje. Usharika uliofikisha watu 1,250 uliandika kwamba umekua kwa asilimia 25, ukafanya ibada ya shukrani, ilhali kwa uwiano wa wananchi ulikuwa umerudi nyuma. Pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako viwanja vinauzwa na nyumba zinajengwa kila siku, kanisa hujaa kwa sababu watu wamehamia mtaani, na usharika wa kijijini walikotoka huitwa dhaifu kwa sababu hiyo hiyo. Halafu kuna kuhama madhehebu. Mtu aliyebatizwa na kupata kipaimara katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), akaanza kusali kwa Wapentekoste, mara nyingi jina lake hubaki katika kitabu cha kwanza na kuongezwa katika cha pili, na akiendelea hadi kwenye huduma ya nabii fulani huhesabiwa huko pia. Sensa zetu hazijauliza dini ya mtu tangu ile ya mwaka 1967, kwa hiyo hakuna mtu wa nje anayezisahihisha hesabu hizi. Kila dhehebu linaweza kutangaza kwamba linakua, na kila moja likawa linasema kweli kwa mujibu wa kitabu chake.

Hayo ni ya hesabu tu, na yanaweza kurekebishwa na karani makini. Jambo lililonisukuma kuandika ni Rwanda.

Sidhani kama kuna nchi katika ukanda wetu ambako ukuaji wa kanisa ulisifiwa kuliko huko. Mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa madarakani Mwami (mfalme) Musinga, aliyekuwa amekataa ubatizo, wakamweka mwanawe Rudahigwa. Machifu wakaelewa upepo unavuma kuelekea wapi, na maelfu kwa maelfu ya watu wakamiminika kwenye mafundisho ya ubatizo, hata wamisionari wenyewe wakauita mmiminiko huo tufani. Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi yake wakfu kwa Kristo Mfalme. Sensa ya mwaka 1991 ilionyesha kwamba karibu asilimia 90 ya Wanyarwanda walikuwa Wakristo, wengi wao Wakatoliki. Ukiipima nchi hiyo kwa safu za taarifa zetu za mwaka, hukuti kasoro.

Miaka mitatu baadaye, kuanzia Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kuwa 800,000 au zaidi waliuawa katika muda wa siku zipatazo 100, na sehemu kubwa ya wauaji walikuwa wamebatizwa kama wale waliouawa. Huko Ntarama, Nyamata na Nyarubuye watu walikimbilia makanisani wakiamini kwamba hakuna atakayethubutu kumwaga damu mahali pale, wakauawa humo humo. Huko Nyange jengo la kanisa liliangushwa kwa katapila juu ya waliokuwa wamejificha ndani. Padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alishtakiwa pale Arusha katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, na mwaka 2008 kitengo cha rufaa kikampa kifungo cha maisha. Mahakama hiyo hiyo ilimtia hatiani mchungaji wa Waadventista Wasabato, Elizaphan Ntakirutimana, mwaka 2003. Waprotestanti hatuna pa kujifichia, kwa hiyo naomba mjadala huu usigeuzwe kuwa wa Wakatoliki. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha hadharani kwa dhambi za Kanisa na za watu wake katika mauaji hayo.

Sisemi kwamba wingi wa Wakristo ndio ulioleta mauaji. Kulikuwa na vitambulisho vya kabila vilivyowekwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, kulikuwa na siasa za ubaguzi, vita vilivyoanza mwaka 1990, na redio iliyohubiri chuki. Ninachosema ni kwamba katika miaka yote hiyo takwimu za kanisa hazikuonya mtu yeyote. Ubatizo uliongezeka, seminari zilijaa, na Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikaa kwa miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala, jambo ambalo bila shaka wengi waliliona kuwa heshima kwa kanisa. Ugonjwa ulikuwa mahali ambapo hakuna safu ya taarifa inayofika: katika swali la nani ni jirani yangu.

Wengine watasema hiyo ni historia ya wakoloni na wafalme, na kwamba makanisa ya leo yana mbinu bora zaidi. Mbinu hizo nazo zina historia. Donald McGavran, mmisionari aliyezaliwa India mwaka 1897, ndiye aliyeanzisha katika miaka ya 1950 na 1960 fikra ya kuuchunguza ukuaji wa kanisa kwa takwimu, na swali lake la msingi, kwa nini mahali pamoja watu wanaamini na mahali pengine hawaamini, lilikuwa swali jema. Lakini aliona pia kwamba watu hupenda kuwa Wakristo bila kuvuka mipaka ya rangi, lugha na tabaka, na wafuasi wake wakaligeuza hilo kuwa mkakati: kusanya wanaofanana, utakua haraka. Kwa mtu anayekumbuka Rwanda, mkakati huo unatisha. Baadaye kanisa la Willow Creek, karibu na Chicago, lililoanzishwa mwaka 1975 na kuigwa na wachungaji dunia nzima kwa sababu ya wingi wa watu wake, lilijichunguza lenyewe na mwaka 2007 likatangaza matokeo ambayo viongozi wake hawakuyatarajia: kushiriki zaidi katika shughuli za kanisa hakukuonyesha kwamba mtu amezidi kumpenda Mungu na jirani. Nawaheshimu kwa kulisema hilo hadharani. Ni makanisa machache yanayothubutu hata kuuliza.

Katika Ufunuo wa Yohana, makanisa saba ya Asia yanapewa barua, na mawili tu hayakemewi. Smirna ni maskini na lina dhiki. Filadelfia lina nguvu kidogo. Sardi lina jina la kuwa hai, nalo limekufa, na Laodikia lenyewe lasema kwamba ni tajiri na halihitaji kitu. Ningeomba tuisome orodha hiyo kabla ya mkutano mkuu wa mwaka.

Karibuni tujadili.

Mchungaji wa Vijijini

Mzee wangu, nimeisoma mada yako mara mbili na ninakushukuru, hasa kwa sehemu ya Rwanda, ambayo sina la kuipinga. Hata hivyo naona umekuwa mwepesi mno kwa upande mmoja.

Luka hakuona haya kuhesabu. Siku ya Pentekoste anaandika watu wapata elfu tatu, na baadaye anaandika elfu tano, kwa sababu kila mmoja katika hesabu hiyo alikuwa na nafsi. Mimi nahudumia mitaa mitano, yaani vituo vya ibada vya usharika, na mitatu kati ya hiyo hukutana chini ya paa la makuti. Nikikuambia kwamba mtaa mmoja umetoka watu ishirini hadi sitini, nakuzungumzia watu ninaowafahamu kwa majina, na mmojawapo ameacha pombe iliyokuwa inaiua nyumba yake. Nimewaona pia wenzangu waliotulia katika sharika zisizoongezeka kwa miaka mingi, wakijifariji kwamba wao wanajenga kina huku wengine wakijenga upana, na ukweli ni kwamba hawajagonga mlango wa mtu yeyote. Udogo nao hauthibitishi utakatifu.

Umetumia mfano wa Rwanda. Nami nikupe wa Ethiopia. Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus lilipoundwa mwaka 1959 lilikuwa na waumini wapatao 20,000. Likapitia utawala wa kijeshi wa Derg, makanisa yake mengi yakafungwa, viongozi wake wakatiwa gerezani, na Katibu Mkuu wake, Gudina Tumsa, akatekwa na kuuawa mwaka 1979. Leo kanisa hilo lina waumini zaidi ya milioni kumi, na limelipita Kanisa la Sweden, mojawapo ya makanisa yaliyolipelekea wamisionari. Ukuaji wa namna hiyo, uliopitia gerezani, utauita kitu gani kama si dalili ya uzima? Mti wenye uhai hukua, Mzee. Ukikaa miaka ishirini bila jani jipya, mwenye shamba ana haki ya kuuliza.

Mhazini Mstaafu

Shikamooni wazee wangu, na Baba Mchungaji, Bwana asifiwe.

Mimi nimeshika vitabu vya fedha vya kanisa kwa muda mrefu, na naomba niseme jambo ambalo nyote wawili mmelipita haraka. Katika sharika nyingi watu hawapimi afya kwa idadi ya watu. Wanaipima kwa matoleo na kwa jengo. Usharika wenye watu wachache na bahasha nene huitwa imara, na mchungaji aliyejenga hukumbukwa kuliko aliyefundisha. Tatizo ni kwamba fedha haina kumbukumbu ya mahali ilikotoka. Harambee moja ya mwanasiasa yaweza kupita ahadi za wajane wote wa mwaka mzima, na katika taarifa zote mbili zitaandikwa kwenye mstari mmoja wa mapato. Ndiyo maana nilifurahi Askofu Mkuu wa Anglikana wa Kenya, Jackson Ole Sapit, alipowazuia wanasiasa kuzungumza madhabahuni mwaka 2021, na nikafurahi zaidi mwaka 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipokataa michango ya wanasiasa, ukiwemo wa Rais. Siku hiyo mapato ya parokia husika yalishuka. Je, afya yake ilishuka?

Mimi ni mtu wa Kagera. Kwetu uamsho uliingia katika miaka ya 1930 ukitokea upande wa Uganda na Rwanda, na wazazi wetu walitusimulia kwamba mtu aliyeokoka alijulikana kwa kurudisha alichoiba, kwa kwenda kwa adui yake kuomba msamaha, na kwa kusema hadharani dhambi aliyoificha. Askofu Josiah Kibira, aliyekuja kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kuanzia mwaka 1977 hadi 1984, alilelewa katika uamsho huo. Hakuna aliyeuliza uamsho una wanachama wangapi. Uliulizwa deni la nani limelipwa.

Kwa hiyo nikiulizwa kipimo, ninacho kimoja, nacho ni cha kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani. Mume anapofariki, jumuiya yetu huja kuimba, huchanga, humzika vizuri, na katibu huandika kwamba wanajumuiya walihudhuria kwa wingi. Miezi michache baadaye ukoo wa marehemu unakuja kumwondoa mjane kwenye kibanja, na kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, ambazo hazimpi mjane urithi pale mume alipoacha watu wa ukoo wake, zinawapa nguvu. Wengi wa wana ukoo hao ni washarika, na baadhi yao wana vyeo kanisani. Nitakapomwona mjane wa jumuiya yetu bado anavuna ndizi zake mwenyewe mwaka wa tatu baada ya msiba, na nikajua kwamba ni ndugu zake katika Kristo waliosimama naye kwenye baraza la ardhi, hapo ndipo nitaamini kwamba jumuiya hiyo ni nzima, hata kama ina watu kumi na wawili.

Mtoa mada

Mama, kipimo chako cha kibanja kimenishinda kwa ubora wake, na naomba ruhusa yako nikipeleke kwenye baraza letu la wazee.

Baba Mchungaji, nakubali kwamba udogo hauthibitishi kitu, na sitaki mtu yeyote aitumie mada hii kama mto wa kulalia. Mfano wa Mekane Yesus pia naupokea kwa heshima. Lakini hebu tuutazame vizuri. Tunajuaje kwamba kanisa lile lilikuwa na uzima? Mwaka 1979, kabla ya mamilioni hayo kuwapo, Gudina Tumsa alikuwa na nafasi ya kuikimbia nchi, akakataa kuwaacha watu wake, na akafa. Uzima wake ulionekana siku ile alipokataa, wakati majengo yanafungwa na taarifa ya mwaka iliyohesabu makanisa yaliyo wazi ingeonyesha kanisa linaloanguka. Mtu aliyehesabu milango iliyo wazi peke yake wakati ule angeandika kwamba Mekane Yesus linakufa, kama vile mtu aliyezitazama namba za Rwanda mwaka 1991 angeandika kwamba kanisa linastawi. Wote wawili wangekosea, tena katika jambo zito kuliko yote.

Kwa hiyo sipingi kwamba uzima huweza kuzaa ukuaji. Ninachopinga ni kuusoma kinyume, yaani kuona watu wengi na kuhitimisha kwamba pana uzima, kwa sababu wingi una wazazi wengi: uzazi, kuhama, hofu ya mtawala, kiu ya miujiza, muziki mzuri, shule na hospitali za kanisa. Katika orodha hiyo Roho Mtakatifu yumo, na namba haitakuambia ni nani kati yao aliyefanya kazi.

Kuhusu uamsho, naomba niongeze jambo linaloniumiza. Chimbuko lake ni Gahini, na Gahini iko Rwanda. Ni hapo hospitalini, mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, ambapo daktari Mwingereza Joe Church, baada ya kuomba pamoja na Mganda Simeoni Nsibambi, alianza kazi iliyoenea hadi kwenu Bukoba. Nchi iliyotupa kipimo cha kurudisha kilichoibwa na kupatana na adui ndiyo iliyokuja kuchinjana. Kwa miaka, toba za hadharani zilikuwa zimepata mpangilio wake unaojulikana, watu wakajua dhambi zipi hutajwa na zipi hazitajwi, na chuki ya kabila mara nyingi ilikuwa miongoni mwa zisizotajwa. Hii inanifundisha kwamba hata kipimo bora kikigeuzwa kuwa desturi, watu hujifunza kukijibu bila kubadilika. Mama, hata kibanja chako, tukikiweka kama safu ya taarifa, baada ya miaka kumi kitajazwa na katibu akiwa amekaa nyumbani kwake.

Wakati huo huo, palikuwapo watu ambao hakuna takwimu iliyowatarajia. Félicité Niyitegeka, Mhutu aliyekuwa amejitoa kwa utumishi wa Kanisa Katoliki huko Gisenyi, alikuwa na njia ya kuokolewa kupitia kaka yake aliyekuwa afisa wa jeshi, akachagua kubaki na Watutsi aliowaficha, akauawa pamoja nao Aprili 1994. Na huko Nyange, mahali pale pale kanisa lilipoangushwa, usiku wa Machi 18, 1997, watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa, wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda, na baadhi yao wakauawa kwa jibu hilo. Walikuwa kizazi kile kile, wametoka kwenye vilima vile vile na parokia zile zile. Nikitafakari afya ya kiroho, nawaona wao, na natamani kujua nani aliwafundisha, katika jumuiya ipi, kwa miaka mingapi, na kama mwalimu huyo aliwahi kutajwa katika taarifa yoyote.

Kwa sharika zetu napendekeza mambo ambayo yanawezekana bila kusubiri waraka wa Dayosisi. Tuendelee kuandika waliopata kipaimara, lakini tuwatafute wale wa miaka mitano iliyopita na tuandike wako wapi. Tuwatembelee waliohama, tukawasikilize bila kuwashawishi kurudi, kwa maana wao wanajua kuhusu sisi mambo ambayo waliobaki hawawezi kutuambia. Tutenganishe mapato ya washarika na ya wageni wa heshima, kama alivyoonya Mama. Na migogoro ya ardhi na mirathi inayowahusisha washarika wawili iletwe kwa wazee kabla haijafika barazani, na matokeo yake yajulikane.

Baba Mchungaji, swali langu kwako ni hili, na naliuliza kwa unyenyekevu kwa sababu wewe ndiye unayesimama mbele ya mkuu wa jimbo na kujibu. Ukiandika katika taarifa yako kwamba mwaka huu mtaa mmoja umepoteza watu kumi na watano kwa sababu wazee walisimama na mjane dhidi ya ukoo wenye nguvu, na ukoo wote ukahamia kanisa jingine, taarifa hiyo itapokelewaje? Na je, yupo kati yenu wachungaji mnaosoma hapa aliyewahi kuandika kitu kama hicho?

Mchungaji wa Vijijini

Mzee, mimi sijawahi kuandika hivyo. Nimewahi kupoteza watu kwa sababu inayofanana na hiyo, na katika taarifa niliandika tu kwamba wamehama. Mkuu wa jimbo hakuuliza, nami sikueleza. Taarifa ya mwaka huu bado haijapelekwa. Nitaiandika kama ilivyotokea, na jibu nitakalopewa nitalileta hapa hapa.